Sura ya 6: Gari Dogo la Torino na Mawe ya Munigi

Swali hili hulisikii Torino wala Nairobi. Ni la watu wa hapa Munigi, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, ambako motari, yaani dereva wa pikipiki ya kukodi, anayengoja abiria hufungua simu na kutazama video za magari ya mbio ya zamani. Anaona gari fupi, pana, la chini mno, lenye umbo la kabari, linapinda kona za milimani likiwa ubavu-ubavu. Kisha anatazama barabara iliyo mbele yake, yenye mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, na kuuliza: "Hiki kigari, hapa kwetu kingefika wapi?"

Wengine huuliza kwa upande wa pili. Kama Waitaliano walijua kuunda injini kubwa, na walijua kweli, kwa nini baadhi ya ushindi wao mkubwa waliupata kwa magari madogo? Si gari kubwa ndilo lenye nguvu?

Maswali haya mawili ni pacha, na nitayajibu kwa kufuata gari moja tu, Lancia Stratos. Ferrari ni maarufu zaidi, lakini Stratos ina faida kwetu: ilikuja Afrika Mashariki, ikapita vumbi na matope ya Kenya mbele ya macho ya watu, ikatafuta ushindi kwa miaka mitatu na haikuupata. Hilo ndilo linalonivutia. Gari lililoshinda kila mahali halituonyeshi kwa urahisi mipaka ya ufundi wake.

Udogo uliotokana na uhaba

Italia ilitoka katika Vita Kuu ya Pili ikiwa imechoka. Petroli ilikuwa ghali, chuma kilikuwa adimu, na kodi ya gari ilifuata ukubwa wa injini. Mafundi waliokuwa na kiu ya mbio wakachukua vipuri vya Fiat ndogo za kawaida, wakavichonga, wakavipunguza uzito, wakavifunika kwa bodi nyembamba za alumini zilizogongwa kwa nyundo. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa magari madogo ya mbio ya Kiitaliano, mengi yake yakitoka katika garaji zenye watu wachache tu.

Mfano mzuri ni OSCA. Ndugu watatu wa ukoo wa Maserati walikuwa wameiuza kampuni yenye jina lao, na mwaka 1947 wakaanzisha nyingine huko Bologna. Gari lao la MT4 lilikuwa na injini isiyofika lita moja na nusu. Mwaka 1954 gari hilo, likiendeshwa na Stirling Moss na Bill Lloyd, lilishinda mbio za saa 12 za Sebring, Marekani, zilizokimbiwa kwenye kiwanja cha ndege chenye zege lililopasuka. Magari yenye injini kubwa mara mbili yalikuwepo, na Lancia ilipeleka magari ya kiwanda yaliyoongoza kwa muda mrefu. Yakaharibika moja baada ya jingine. OSCA ikaendelea, ingawa kufikia mwisho breki zake zilikuwa zimekwisha kabisa.

Jambo la kushika hapa ni hili. Gari jepesi haliumizi barabara, wala barabara hailiumizi sana. Kila kilo usiyoibeba ni kilo ambayo haitapiga springi kwenye shimo, haitachemsha breki kwenye mteremko, haitakula tairi kwenye kona, wala haitadai petroli. Mtu anayelitazama gari dogo na kusema "halina nguvu" anatazama injini peke yake. Nguvu ina maana ukiigawa kwa uzito inaousukuma.

Gari lenyewe

Mwaka 1970, katika maonyesho ya magari ya Torino, kampuni ya Bertone ilionyesha kitu ambacho wengi hawakuamini kuwa ni gari. Kiliitwa Stratos Zero, na kimo chake kilikuwa sentimita 84, chini ya kiuno cha mtu mzima. Mlango ulikuwa kioo cha mbele chenyewe: unakifungua, unaingia kama unayepanda mtumbwi. Husimuliwa kwamba Nuccio Bertone alipokwenda kuwaonyesha wakubwa wa Lancia, alilipitisha gari chini ya kizuizi cha lango bila mlinzi kukiinua. Mimi huwa nakisadiki kisa hiki nusunusu, lakini kimo cha sentimita 84 kinakiruhusu.

Wakati huo Lancia ilikuwa na mkuu wa timu ya mbio, Cesare Fiorio, aliyekuwa na tatizo. Gari lake, Fulvia, lilikuwa zuri lakini lilikuwa linazeeka. Mbio zake zilikuwa rali, yaani mbio za barabara za kawaida za lami, changarawe, theluji na vumbi, ambapo magari huondoka moja moja na kushindana na saa. Kawaida kila kiwanda kilichukua gari la sokoni na kulitia nguvu. Fiorio akataka kinyume chake: gari liundwe kwa rali tangu mchoro wa kwanza, halafu yajengwe machache ya kuuza ili kutimiza sheria. Sheria ya kundi lake ilidai mamia ya magari. Lancia ilijenga chini ya 500.

Marcello Gandini wa Bertone alichora bodi. Injini ilitoka kwa Ferrari, ile iliyokuwa kwenye gari la Dino. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mwaka 1969 Fiat ilikuwa imeinunua Lancia na pia nusu ya Ferrari, ingawa Enzo Ferrari hakuwa na haraka ya kutoa injini zake kwa jirani.

Vipimo vya gari la barabarani ni hivi:

- Urefu: mita 3.71
- Upana: mita 1.75
- Kimo: mita 1.11
- Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma: mita 2.18
- Uzito: karibu kilo 980
- Injini: silinda 6, ujazo wa sentimita za ujazo 2,418, nguvu farasi 190

Nguvu farasi ni kipimo cha kazi ambayo injini inaweza kuifanya kwa kila sekunde. Kwenye Stratos kila farasi mmoja alikuwa na kilo 5 tu na kidogo za kuvuta, na magari ya mbio yenyewe yalikuwa na farasi wengi zaidi. Silinda zake 6 zilipangwa tatu upande huu na tatu upande ule, kwa umbo la herufi V, ndiyo maana injini ya namna hiyo huitwa V6. Mpangilio huo huifanya injini kuwa fupi, na ufupi ndio uliotafutwa, kwa sababu injini ililazwa kwa upana nyuma ya migongo ya dereva na msoma ramani, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma.

Mengine yalikuwa ya kiutendaji kabisa. Kioo cha mbele kilipinda sana kutoka mlango hadi mlango, ili dereva aone kona kabla hajaifikia. Milango ilikuwa na mifuko mipana ya kuwekea helmeti. Katikati palikuwa na chumba imara cha chuma, lakini mbele na nyuma palifunikwa kwa maganda makubwa ya faibaglasi yaliyoinuliwa mazima, moja likifunguka kwenda mbele na jingine kwenda nyuma, fundi akabaki anaangalia springi, injini na giaboksi kwa mara moja. Yeyote aliyewahi kulala chali chini ya gari juu ya mawe ya volkano, akitafuta nati moja kwa vidole, ataelewa thamani ya wazo hilo.

Gari likaanza kushinda mara tu liliporuhusiwa rasmi, Oktoba 1974, na mwezi huohuo likachukua rali ya Sanremo. Lancia ikawa bingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976. Sandro Munari akashinda Monte Carlo kwa Stratos mara tatu mfululizo, 1975 hadi 1977.

Uzito uko wapi?

Sasa tuje kwenye chukudu, kwa sababu hakuna darasa la ufundi wa magari lililo karibu nasi kuliko hilo. Kila siku chukudu hushuka kutoka Kibumba na Kibati zikiwa zimebeba kabichi, viazi, kuni na makaa, zikipita Munigi kuelekea masoko ya Goma. Chombo chenyewe ni ubao mrefu wa kiasi cha mita mbili, mti mgumu, usukani wa mti, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Hakina injini. Kwenye tambarare mwendeshaji hupiga goti juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Kwenye mteremko mlima ndio unaoendesha.

Tazama inavyopakiwa. Magunia mazito hulazwa chini kabisa, kwenye ubao, na katikati ya magurudumu. Mwendeshaji hufanya hivyo kwa sababu amewahi kuanguka, au amemwona aliyeanguka. Kuna mahali katika kila chombo ambapo uzito wote unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Tupaite kitovu cha uzito. Kitovu kikiwa juu, chombo hupinduka kwa urahisi kwenye kona. Kikiwa chini, chombo huteleza kabla ya kupinduka, na kuteleza kuna dawa, kupinduka hakuna. Gari la kimo cha mita 1.11 limekiweka kitovu chake chini kwa lazima: hakuna juu ya kukipeleka.

Lakini kuna jambo la pili, ambalo watu wengi hulikosa. Chukua chukudu mbili zenye mzigo uleule wa kilo 200. Moja ina kilo 100 mbele kabisa na 100 nyuma kabisa. Nyingine ina zote 200 katikati. Kitovu kipo mahali pamoja, uzito ni mmoja, na bado ya kwanza itakataa kugeuka, na ikishageuka itakataa kuacha kugeuka. Mzigo ulio mbali na katikati ni mgumu kuanza kuzunguka na mgumu kusimamisha. Hiyo ndiyo sababu ya kuiweka injini ya Stratos mgongoni mwa dereva na si puani. Injini, giaboksi na watu wawili, vitu vizito kuliko vyote, vilikusanywa karibu na katikati. Dereva akigusa usukani, pua inaitika papo hapo.

Ufupi ule wa mita 2.18 kati ya ekseli uliongeza wepesi huo. Gari fupi hugeuka mahali padogo, na barabara za milima ya Monte Carlo na Corsica ni kona juu ya kona.

Wepesi una bei yake. Gari linaloitika haraka linaitika pia usipotaka. Jiwe moja likigonga gurudumu la mbele, upepo ukivuma ubavuni, dereva akipepesa macho kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, Stratos tayari imeanza kugeuka. Madereva waliiogopa kwenye barabara ndefu iliyonyooka kuliko kwenye kona. Chukudu ndefu, iliyojaa, inayoshuka Kibumba moja kwa moja, ina tabia ya kinyume: ni vigumu kuipindisha, ila inashika njia.

Breki nazo zinastahili neno. Chukudu nyingi husimamishwa kwa kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu hadi kigusane na gurudumu la nyuma. Joto linalozaliwa pale hutokana na uzito na mwendo, lakini si kwa kiasi sawa. Uzito ukiwa mara mbili, joto ni mara mbili. Mwendo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Chukudu ya kilo 400 pamoja na mwendeshaji, ikienda kilomita 36 kwa saa, ikilinganishwa na gari la kilo 1,000 kwa kilomita 180 kwa saa: gari lina uzito mara mbili na nusu tu, ila mwendo ni mara tano, kwa hiyo breki zake lazima zimeze joto mara 60 na zaidi. Ndiyo maana Stratos ilikuwa na diski kwenye magurudumu yote manne, zenye nafasi ndani ya kupitisha hewa. Pia ndiyo maana kijana anayeiachia chukudu ishuke bila kuigusa breki hadi karibu na soko hajui anachokidai kile kipande cha mpira.

Kwa ufupi: gari la mbio la Kiitaliano lilikuwa dogo ili liwe jepesi, la chini ili lisipinduke, na uzito wake ukakusanywa katikati ili ligeuke haraka. Ukiondoa wepesi, hakuna lolote kati ya hayo linalosaidia kwenye mashimo.

Pasaka ya 1975

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikawa inakimbiwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza au ziko mlangoni, kwa siku kadhaa na maelfu ya kilomita. Barabara hazikufungwa. Ungekutana na lori, ng'ombe, basi la abiria, mto uliovunja daraja. Mwaka 1963 na tena 1968 magari 7 tu yalifika mwisho.

Stratos ilikuja mwaka 1975. Ilikuwa imeinuliwa juu ya springi ndefu zaidi, ikafungwa vyuma vya kukinga pua dhidi ya wanyama, na taa kubwa za ziada. Bila shaka ilikuwa miongoni mwa magari yenye kasi kuliko yote yaliyopanga foleni Nairobi. Munari, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews wa Kenya, alimaliza wa pili. Björn Waldegård, kwa Stratos nyingine, alimaliza wa tatu.

Aliyeshinda ni Ove Andersson, kwa Peugeot 504.

Hapa wazee wengi wa Goma hutabasamu, kwa kuwa 504 wanaijua. Wengine wameipanda wakiwa wamebanana viti vya nyuma. Ni gari la familia. Lile la kawaida lenye sindano za petroli lilikuwa na nguvu farasi kama 100 kwa zaidi ya kilo 1,100, yaani kila farasi alivuta zaidi ya mara mbili ya mzigo wa farasi wa Stratos. Kwa hesabu za sehemu iliyopita lilipaswa kuachwa mbali. Mwaka uliofuata, 1976, Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer, nyuma yake Lancer nyingine mbili, na hakuna Stratos iliyofika mwisho. Mwaka 1977 Waldegård alishinda, safari hii kwa Ford Escort. Munari na Stratos wakawa wa tatu.

Kufika jukwaani katika miaka miwili kati ya mitatu si aibu. Timu nyingi zingeyapokea matokeo hayo kwa furaha. Ila gari lililokuwa bingwa wa dunia lilikuwa linashindwa na magari ya sokoni, na sababu zake zinaweza kuhesabiwa kwa rula.

Ya kwanza ni umbali kati ya ekseli. Peugeot 504 ina mita 2.74, Stratos mita 2.18. Gurudumu la mbele likipanda jiwe la sentimita 10, gari zima huinama nyuma. Kadiri ekseli zilivyo karibu, ndivyo linavyoinama zaidi. Stratos huinama kwa robo zaidi ya 504 kwa jiwe lilelile. Kisha gurudumu la nyuma nalo linapanda, pua inashuka, na kama mawe yamefuatana gari linaanza kuruka-ruka mbele na nyuma. Dereva wa gari fupi hana budi kupunguza mwendo, si kwa woga bali kwa sababu magurudumu yaliyo hewani hayasukumi wala hayapindi.

Ya pili ni safari ya springi, yaani urefu ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka kabla ya kugonga mwisho. Gari la chini lina safari fupi. Ukiliinua ili kuiongeza, umekipandisha kitovu cha uzito, na moja ya zile sababu za udogo imekwenda. Gari la Safari lilikuwa Stratos iliyouza nusu ya hirizi zake.

Ya tatu ni hewa.

Injini inapokosa pumzi

Injini haichomi petroli peke yake. Inachoma petroli pamoja na hewa. Juu mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo kila silinda inavuta kidogo. Mafundi hukadiria kwamba injini ya kawaida hupoteza asilimia 10 hivi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo motari wa Munigi anaendesha pikipiki iliyokwisha kupungukiwa na asilimia 15 ya nguvu zilizoandikwa kwenye kitabu chake, kabla hata hajapakia abiria wawili na gunia.

Nairobi iko juu zaidi, na njia za Safari zilipanda zaidi ya hapo. Farasi 190 wa barabarani wangebaki kama 160 hapa Goma, na pungufu ya 145 kwenye mwinuko wa mita 2,500. Kabureta nazo, vile vyombo vinavyochanganya petroli na hewa, hazijui kwamba hewa imepungua. Zinaendelea kumwaga petroli ileile, injini inatoa moshi mweusi na kukohoa, mpaka fundi abadilishe vitundu vya kupitishia petroli viwe vyembamba zaidi. Kwenye mbio zinazopanda na kushuka siku nzima hakuna kitundu kinachofaa kila mahali.

Magari yote yalipata hasara hiyo, 504 pia. Lakini gari ambalo faida yake kubwa ni nguvu ndilo linaloumia zaidi nguvu ikipungua.

Mawe ya Munigi

Sasa naweza kumjibu motari. Munigi imejengwa juu ya lava na kando ya lava. Januari 10, 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilipasua mlima na kutiririka kwa kasi ambayo watu hawakuweza kuikimbia. Januari 17, 2002 nyufa zilifika mpaka hapa Munigi, na mto wa lava ukapita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Mei 22, 2021 lava ikashuka tena, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama kwenye ukingo wa mji. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, ile kemikali inayoifanya lava nyingine kuwa nzito, na ndiyo maana hukimbia. Ikipoa huacha mwamba uliojaa vitundu vya gesi, wenye kingo kali.

Changarawe ya Kenya huviringika chini ya tairi. Mwamba wa hapa hauondoki. Umeshikamana na ardhi, na unakata. Tairi la mbio lina ubavu mwembamba ili liwe jepesi, na ubavu ndio unaoguswa kwanza na kingo hizo. Juu ya hayo Stratos ina tumbo lililo karibu na ardhi, lililobeba mabomba ya maji yanayotoka injini nyuma kwenda rejeta mbele.

Stratos ya dukani ingekwama pale lami inapoishia. Iliyoandaliwa kama ya Safari, ikiwa imeinuliwa, imefungwa bamba nene la chuma tumboni na kuvishwa matairi ya ubavu mgumu, ingepita Munigi mpaka Kibumba. Ingepita polepole, kwa gia ya kwanza na ya pili, injini iliyoundwa kuimba kwa mizunguko 7,000 kwa dakika ikinung'unika na klachi ikinuka. Pikipiki ya TVS ingetangulia kufika, kwani ina magurudumu mawili tu ya kuyatafutia njia kati ya mawe, na gari lina manne.

Dogo jingine

Lancia haikuiacha Safari. Ilirudi na magari mengine katika miaka ya 1980, na ushindi ukapatikana mwaka 1988, Miki Biasion akiendesha Delta Integrale. Akarudia mwaka 1989, na Juha Kankkunen akaongeza wa tatu mwaka 1991.

Delta nayo ni gari dogo, lisilofika mita 4, lililochorwa na Giorgetto Giugiaro kama gari la familia la milango mitano. Ukiliweka kando ya Stratos hutajua kwamba ni ndugu. Ni la wima, la pembe nne, injini iko mbele, na kimo chake kinaruhusu springi zenye safari ndefu bila kulivuruga. Magurudumu yote manne yanasukuma, kwa hiyo moja likiwa hewani juu ya jiwe mengine matatu yako kazini. Na injini yake ya lita 2 haikuitegemea hewa ya mlimani ije yenyewe. Ilikuwa na turbo, feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, ambayo hushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyepesi, turbo huzungushwa kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kwenye mwinuko ambao ungeinyima Stratos robo ya farasi wake, Delta ilipoteza wachache tu.

Turbo ina adabu zake, hata hivyo. Inachemka mpaka inawaka rangi nyekundu, inakula oili chafu vibaya, na ukizima injini ghafla baada ya kupanda mlima, oili iliyobaki ndani yake inaungua na kuwa makaa. Hilo si la Waitaliano peke yao: malori mengi ya dizeli yanayopanda kutoka Goma kwenda Rutshuru yana chombo hichohicho, na dereva mzoefu akifika juu huiacha injini iungurume dakika mbili tatu kabla ya kutoa ufunguo.